Safari za Pweza na Marafiki, Mikindani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni marafiki wa Mtwara mjini na Mikindani tunaotoka pamoja siku za bamvua, maji yanapopwa sana, kwenda miambani kutafuta pweza, wengine kwa miguu, wengine kwa kuzamia kwa pumzi moja. Upepo wa kaskazi ukianza, simu na ujumbe huanza pia: ndugu kutoka Dar, wafanyakazi waliohamia Mtwara, vijana wa vyuoni. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana tumeyajibu hapa. Kama huna muda wa kusoma yote, soma kwanza majibu mawili yanayohusu pumzi. Yaliyobaki tutakueleza chomboni.

Safari yenyewe ikoje?

Tunakutana ufukweni Mikindani mapema asubuhi, maji yakiwa bado yanatoka. Chombo ni boti ya mashine au ngalawa, kutegemea idadi ya watu na upepo. Tukifika mwambani tunagawanyika. Wanaotembea hubaki juu ya mwamba, maji yakiwa ya vifundoni au magotini. Wanaozamia huenda upande wa nje, kwenye maji ya mita tatu hadi nane hivi, wawili wawili. Nahodha haachi chombo, na neno lake ndilo la mwisho. Akisema "jamani, maji yamegeuka, tupande," hakuna anayejibu kwamba bado kuna shimo moja.

Kwa nini mnatoka bamvua tu?

Kwa sababu siku hizo ndizo mwamba unapofunguka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa sana na hujaa sana. Pwani yetu ya kusini tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika karibu mita nne. Jambo zuri ni kwamba bamvua huku hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa juu ya kutosha kuona ndani ya mashimo. Kila siku inayofuata, muda husogea mbele kwa karibu saa moja. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, mwamba haukauki vizuri, hivyo hatuna safari.

Kuna tahadhari moja ambayo watu wa bara huipuuza. Maji yanayopwa sana ndiyo yanayorudi kwa nguvu. Saa ya tatu na ya nne baada ya kugeuka ndipo yanapojaa kwa kasi zaidi, na mlango wa maji uliouvuka kwa miguu asubuhi unaweza kuwa wa kuogelea, tena wenye mkondo. Kwa hiyo tunaanza kurudi maji yakigeuka, hatusubiri yatufuate.

Msimu gani ni mzuri?

Oktoba na Novemba, upepo wa kusi ukiwa umelegea na mvua hazijashika, ndipo maji yanapokuwa meupe zaidi, yaani unaona mbali ukiwa ndani. Desemba hadi Machi maji ni ya joto na bahari mara nyingi ni tulivu, ila mvua za kusini zikinyesha sana mito huleta tope: Ruvuma kwa upande wa Msimbati, Lukuledi kwa wenzetu wa Lindi. Ukiwa na siku tano za mvua mfululizo nyuma yako, usitegemee kuona mbali. Juni hadi Agosti kusi inavuma, bahari inachafuka, na tunatoka mara chache.

Hali ya hewa tunaifuata kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa ikitolewa, safari imeahirishwa hata kama ufukweni kunaonekana shwari. Watu wa Mtwara wanakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipopiga kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024, Hidaya ilipofika pwani yetu. Mwisho wa masika si wakati wa kubishana na tangazo.

Nina bunduki ya mkuki. Nije nayo?

Usije nayo. Ni zana haramu, na kwenye hifadhi ya bahari hali ni mbaya zaidi kwa atakayekutwa nayo. Sisi hatuichukui chomboni hata kwa kupiga picha.

Na hata kama ingeruhusiwa tusingeitaka kwenye miamba hii. Mtu mwenye bunduki huchagua samaki mkubwa aliye karibu, na huyo ndiye chewa mzazi, ndiye pono mkubwa anayekwangua mwani na kuyaacha matumbawe yapumue. Miamba ya Mtwara imepigwa baruti kwa miaka mingi. Ukizamia utaviona vipande: matumbawe yaliyosagika kuwa kokoto, yanayoviringika kila wimbi likipita, hivyo tumbawe changa halipati pa kushika. Sehemu kama hiyo inahitaji kila pono aliyebaki. Tunavua pweza kwa sababu anazaa sana, anakua upesi, na tunaweza kumchagua kabla ya kumgusa.

Leseni inahitajika?

Ndiyo. Anayevua lazima awe na leseni, na mahali pa kuulizia ni kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Wenzetu wanaoshika mchokoo, ile fimbo ya kumtolea pweza shimoni, wanazo. Mgeni asiye na leseni anakaribishwa kwa miwani na macho yake, na wengi wameridhika hivyo. Tukifika kijiji ambacho si chetu tunapita kwanza kwa viongozi wa kijiji na BMU (kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi), tunasalimia, tunaeleza tumekuja kufanya nini. Wakisema mwamba umefungwa, umefungwa.

Je, mnakwenda Msimbati na Ruvula?

Tunakwenda, kuangalia tu. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye eneo la kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, visiwa na vijiji. Kuna kiingilio cha kulipa. Wakazi wanavua kwa utaratibu wao na hifadhi. Sisi tunaacha michokoo nyumbani. Kama marafiki zako wote ni wa kutazama samaki na hawataki kuvua, ombeni safari ya huko. Ukingo wa mwamba wa Ruvula uko karibu na ufukwe na unashuka kwenye kilindi, na maji yake yakitulia hakuna mahali pengine Mtwara ninapopapenda zaidi.

Lazima nijue kuogelea? Nitakaa chini kwa muda gani?

Kutembea mwambani hakuhitaji kuogelea, ila jaketi la kuokoa maisha utavaa ukiwa chomboni. Kuzamia kunahitaji uogelee vizuri bila kushika kitu.

Kuhusu muda, tafadhali usije na hesabu. Swali hili ndilo linalotutia wasiwasi, kwa sababu anayeuliza mara nyingi amejaribu kitandani na saa ya simu. Sekunde thelathini au arobaini chini zinatosha kuangalia shimo na kupanda. Pweza haendi popote. Ukimwona, panda, pumzika, rudi. Juu unakaa angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, ukihema taratibu, hata kama unajisikia vizuri.

Na usiheme harakaharaka kabla ya kuzamia. Vijana wengi huambiwa kwamba ukivuta na kutoa hewa kwa nguvu mara nyingi unajaza oksijeni. Si kweli. Oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Unachofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi, na kaboni dayoksaidi ndiyo inayokupa hamu ya kupumua. Ukiifukuza, kengele yako ya hatari umeizima mwenyewe. Chini utajisikia mwepesi, kifua hakikubani, huku oksijeni ikiisha kimyakimya.

Hapo ndipo shinikizo linapoongeza hatari. Kwenye mita kumi shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na hewa ya mapafuni hubanwa ikabaki nusu ya ukubwa wake. Mbano huo huisukuma oksijeni iliyobaki iingie kwenye damu, kwa hiyo ubongo unaendelea kufanya kazi. Ukianza kupanda, mapafu yanatanuka tena na msukumo ule unapotea ghafla. Mtu huzimia akiwa mita chache za mwisho, au akiwa tayari ametoa kichwa nje na amevuta hewa ya kwanza. Hapigi kelele, hatapitapi. Wavuvi hodari wa pwani hii wamekufa hivyo, na watu wakasema kachukuliwa na bahari.

Kwa nini mnakataza kuzamia peke yako? Mimi nina uzoefu.

Kwa sababu ya hayo niliyoeleza hapo juu. Uzoefu haumwamshi aliyezimia. Anayemwamsha ni mtu aliye pembeni yake.

Utaratibu wetu ni mmoja chini, mmoja juu. Aliye juu ana kazi moja: kumtazama mwenzake kupitia miwani tangu anapoinama mpaka anaporudi. Hatafuti shimo lake, hapigi picha, hazungumzi na chombo. Mwenzake akitoka, anaendelea kumtazama usoni kwa nusu dakika nzima, na aliyetoka lazima aseme kwa sauti "niko sawa". Midomo ikiwa ya buluu, kichwa kikitikisika, au akikutazama bila kujibu, mshike hapohapo.

Aliyezimia mgeuze uso uwe juu, nje ya maji, mvue miwani, mwite kwa jina lake, mpulizie usoni, mpige mashavu kidogo. Wengi hurudi kwa kuvuta hewa kwa kishindo. Asiporudi ndani ya sekunde chache, mpulizie hewa mdomoni ukiwa umembana pua, huku ukiita chombo. Akiamka, siku yake ya bahari imekwisha na anapelekwa hospitali hata akisema hana tatizo, kwa kuwa maji yakiingia mapafuni madhara yanaweza kujitokeza baadaye. Kwetu karibu kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, na Ligula mjini Mtwara. Kila anayezamia na sisi anafanya zoezi hili kwanza kwenye maji ya kiunoni. Asiyetaka kulifanya, anatembea mwambani.

Masikio yananiuma nikishuka. Ni kawaida?

Ni kawaida kuyasikia yakibanwa, si kawaida kuyaacha yaume. Bana pua na usukume hewa taratibu mara tu unapozamisha kichwa, na uendelee kila mita, kabla ya maumivu. Yakikataa, panda. Ukilazimisha, ngoma ya sikio inaweza kutoboka. Mwenye mafua hazamii siku hiyo.

Pweza anaonekanaje? Mimi nilitazama saa nzima sikuona kitu.

Ulimwona, ila hukumjua. Usitafute pweza, tafuta mlango wake. Pweza wa mwamba hula kaa na kome ndani ya nyumba yake na kutupa mabaki nje, kwa hiyo mbele ya shimo utaona maganda safi ya kaa na vipande vya kome ambavyo havijaota mwani. Mara nyingi kuna vijiwe vimepangwa mlangoni, ambavyo maji yasingeweza kuvipanga hivyo. Tulia hapo. Baada ya muda kitu ulichodhani ni ukingo wa jiwe kinainuka kidogo, na ndani yake kuna mboni nyeusi ya mlalo inayokutazama. Ngozi iliyokuwa ya kahawia inaota vinundu, inapauka, inarudi kahawia yenye madoa, yote ndani ya pumzi moja.

Ukizamia angalia pia samaki. Chewa au mkundaji aliyesimama juu ya shimo bila kuondoka huenda anamsubiri pweza, kwa sababu huwinda naye: pweza anaingiza mikono kwenye nyufa, na wanaokimbia nje samaki anawapokea.

Mchokoo hauchomwi ndani kwa nguvu. Unagusa mdomo wa shimo, mwenyewe anakuja kuushika. Mvute taratibu mpaka kichwa kitoke, mshike nyuma ya macho, na umwue papo hapo kwa kumchoma kati ya macho. Hatuvunji jiwe kumfuata, hatumwagi sabuni wala utupa, ile sumu ya mimea. Akikataa kutoka amekataa.

Yupi anaachwa?

Aliye chini ya nusu kilo, kwanza, kwa sababu kanuni za uvuvi zimeweka gramu 500 kuwa kiwango cha chini. Tuna mizani ndogo ya kuning'iniza chomboni, lakini mazoezi ya macho yanakuja upesi, na tunataka uamue kabla ya kumtoa shimoni.

Wa pili ni mama aliyelalia mayai, na huyu tunamtetea zaidi ya wote. Utamjua kwa sababu amejifungia: mlango umezibwa kwa mawe, yeye yuko ndani kabisa, rangi imepauka, na mchokoo haufuati. Ukimulika utaona mayai yamening'inia darini kwa nyuzi, madogo mno, kwa malaki. Anayapepea na kuyasafisha, hali kitu chochote, na yakianguliwa anakufa. Anazaa mara hiyo moja tu katika maisha yanayozidi mwaka mmoja kidogo. Ukimchukua huyo umepata kilo mbili za nyama iliyokonda na umeondoa kizazi kizima.

Maisha mafupi na ukuaji wa haraka ndiyo sababu kufunga mwamba kunalipa. Kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, kilianza kufunga sehemu ya mwamba wake mwaka 2004 kwa miezi kadhaa, na walipofungua pweza walikuwa wakubwa kiasi kwamba vijiji jirani vikaiga. Songo Songo, kule Kilwa, nako wamefunga miamba yao kwa zamu. Mkikuta maboya na tangazo la kijiji, mjue kuna watu waliovumilia kukosa kipato ili mwamba upumzike.

Kwa nini hatuanzii mwamba wa karibu na kijiji?

Ule ni wa kina mama. Wao hawana boti wala miwani. Wana mchokoo, ndoo na saa mbili za maji kupwa, na wanachokipata ndicho mboga ya nyumbani na ada ya shule. Sisi tuna mashine inayotupeleka mbali, kwa hiyo tunakwenda mbali. Ukipita hapo msalimie anayekuzidi umri, "shikamoo mama," uliza habari za bahari, upite. Tulijifunza kutambua mashimo kwa mabibi hao, na akikuita akuonyeshe jambo, simama usikilize.

Kuna vitu gani vya hatari?

Usiingize mkono kwenye shimo usiloliona ndani. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, hukaa mashimo yale yale ya pweza, tena humla pweza, na meno yake hayaachii upesi. Usiokote kome wa umbo la koni hata akiwa mzuri namna gani. Ana mwiba wa sumu, na aina mojawapo inaweza kuua mtu. Ukitembea kwenye mchanga buruza miguu ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aondoke kabla hujamkanyaga.

Samaki-jiwe, anayefanana na jiwe na mwenye miiba ya sumu, ndiye sababu ya kuvaa viatu vyenye soli ngumu. Akikuchoma, au taa akikupiga mwiba, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, hadi nyuzi joto 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto huidhoofisha sumu na maumivu hupungua. Mwenye mguu mzima ayapime maji kwanza, maana anayeumia hawezi kupima joto vizuri. Chomboni tuna chupa kubwa ya chai yenye maji ya moto kwa kazi hiyo tu. Kisha hospitali. Miiba ya nungunungu wa baharini inauma ila haitishi. Usiichimbe na sindano.

Mbona hamzamii kwenye meli zilizozama?

Kuitazama meli kwa nje, maji yakiwa meupe, sawa. Kuingia ndani kwa pumzi moja hatufanyi. Ndani hakuna njia ya moja kwa moja ya kupanda, tope hufunika mwanga ukipiga pezi mara moja, na nyavu zilizonasa kwenye vyuma hukamata mtu kama zinavyokamata samaki.

Nije na nini?

Miwani inayobana uso vizuri, mrija, mapezi kama unazamia. Viatu vya soli ngumu. Fulana ya mikono mirefu na kofia, maana jua la mwambani linakuchoma kutoka juu na kutoka majini. Glovu za kazi. Maji ya kunywa lita mbili. Mkanda wa uzito uache, kina chetu hakiuhitaji. Filimbi shingoni kwa kila mtu.

Mnamlaje?

Kwanza anapigwapigwa jiweni mpaka alegee, anaoshwa, anachemshwa bila chumvi kwenye maji yake mwenyewe. Tunaamini chumvi ikitangulia, anakaza. Kisha mchuzi wa nazi, ndimu, bizari kidogo, na wali au ugali wa muhogo. Msimu wa ming'oko, viazi vya porini vya huku kusini, ukiwepo tunachemsha ming'oko kando, na mgeni ambaye hajawahi kuila anapewa kwanza. Supu ya pweza wa asubuhi hiyo hiyo, yenye pilipili na ndimu, haina haja ya sifa zote wanazoipa mitaani Dar.

Mwenzangu hazamii wala hapendi kutembea mwambani. Afanye nini?

Mikindani yenyewe ni mji wa kutembea. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa, na kumbukumbu ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyeanzia hapa safari yake ya 1866. Akitaka ufukwe, kivuko kinavuka kutoka Mtwara mjini kwenda Msanga Mkuu.

Watoto wanaruhusiwa?

Kutembea mwambani, ndiyo, kuanzia wanaosikia wanapoambiwa simama, na kila mtoto ana mtu mzima wake mmoja. Kuzamia, hapana.

Gharama ni kiasi gani, na tunawasilianaje?

Hii si biashara. Tunagawana mafuta ya mashine, posho ya nahodha na chakula, sawa kwa sawa, na bei hubadilika na mafuta. Ukitaka kuja, tafuta kwanza tarehe ya mwezi kuandama au mwezi mpevu, kisha mwambie mwenzetu unayemfahamu angalau wiki moja kabla. Tuambie mko wangapi, nani anaogelea, nani ana leseni, na kama kuna mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo, kwa sababu hao watakaa mwambani na sisi. Ukitoka Dar kwa basi panga kufika siku moja kabla; ni zaidi ya kilomita 550 kupitia Lindi, na mtu aliyekesha barabarani hatumruhusu kuzamia asubuhi yake.